Mazingira Yanapobadilika kwa Kasi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kutoweka kwa Halaiki kwa Viumbe

Maswali haya huulizwa sana na wanafunzi, walimu wa jiografia na baiolojia, na watu waliosikia kwenye habari kwamba tumo katika maangamizi ya sita. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni zito. Mengine yanatosha mistari michache. La msingi nalitaja mapema: mabadiliko ya mazingira huangamiza viumbe kwa wingi pale yanapokuja kwa kasi inayoshinda uwezo wa viumbe kuhama au kujirekebisha, na pale yanapokuja mengi kwa mpigo.

Kutoweka kwa halaiki ni nini? Si spishi hutoweka siku zote?

Hutoweka, ndiyo. Inakadiriwa kwamba zaidi ya asilimia 99 ya spishi zote zilizowahi kuishi duniani hazipo tena. Nyingi ziliondoka moja moja, bila kishindo, huku nyingine zikichipuka. Kwa mamalia, kiwango hicho cha kawaida hukadiriwa kuwa spishi moja au mbili kwa mwaka katika kila spishi milioni moja.

Kutoweka kwa halaiki ni pale sehemu kubwa ya spishi, katika matukio makubwa robo tatu au zaidi, inapopotea katika muda ambao kwa hesabu za jiolojia ni mfupi. Lakini kuna jambo ambalo mimi naliona zito kuliko asilimia. Nyakati za kawaida, spishi iliyoenea kote na yenye idadi kubwa huwa salama. Inayokwisha ni ile ya kisiwa kimoja au bonde moja. Katika maangamizi makubwa kinga hiyo huvunjika. Wengi na wachache huondoka pamoja, na koo nzima za wanyama waliotawala kwa mamilioni ya miaka hufutika.

Tumejuaje mambo ya kale hivyo?

Kwa visukuku, hasa vya baharini, kwa sababu makombe huzikwa kwenye matope yakahifadhika vizuri kuliko mifupa ya porini. Mwaka 1796 Mfaransa Georges Cuvier alilinganisha mataya ya tembo walio hai na yale ya mamothi, mnyama wa kale aliyefanana na tembo, akaonyesha kwamba mamothi alikuwa mnyama mwingine, tena aliyekwisha kabisa. Mwaka 1982 Wamarekani David Raup na Jack Sepkoski walipanga takwimu za familia za wanyama wa baharini, na matukio matano yakajitokeza juu ya mengine yote. Umri wa matabaka hupatikana kwenye chembe za zirkoni zilizomo katika majivu ya volkano: urani iliyo ndani yake hugeuka kuwa risasi kwa mwendo unaojulikana.

Ushahidi mzuri sana umetoka pia kwetu. Maeneo ya Kilwa na Lindi, kusini mwa Tanzania, watafiti wamechoronga udongo wa mfinyanzi uliokuwa zamani chini ya bahari. Udongo huo umehifadhi foraminifera, viumbe vya seli moja vyenye magamba, kwa ubora ambao ukivitazama kwa hadubini magamba bado yanang'aa kama kioo. Katika nguzo za udongo zilizotolewa hapo, zinazopita mpaka wa takriban miaka milioni 34 iliyopita, wakati barafu ilipokuwa inajikusanya Antaktiki, unaweza kumfuata Hantkenina, mwenye gamba dogo lenye miiba, tabaka kwa tabaka, hadi anapokoma. Juu ya hapo hayupo tena. Na kemikali za magamba hayohayo hueleza joto la maji na kiasi cha hewa ya ukaa kilichokuwa angani. Tukio lile si mojawapo ya yale matano, lakini kuna mahali pachache duniani kama hapo, ambapo kufa kwa spishi na kubadilika kwa hali ya hewa vinasomeka ndani ya udongo uleule.

Maangamizi matano makubwa ni yapi?

La kwanza ni mwisho wa kipindi cha Ordovisi, kama miaka milioni 445 iliyopita. Dunia ilipoa, barafu ikatanda juu ya bara la Gondwana, na bahari ikashuka ikaacha wazi maji ya kina kifupi yaliyokuwa makazi ya viumbe wengi. Sehemu ya barafu hiyo ilikaa palipo Sahara leo; mikwaruzo yake kwenye miamba ipo Algeria hadi sasa. La pili ni la mwishoni mwa Devoni, lililokuja kwa mapigo zaidi ya moja kati ya miaka milioni 372 na 359 iliyopita, bahari zikikosa oksijeni. La tatu, la mwisho wa Permi, miaka milioni 252 iliyopita, ndilo kubwa kuliko yote. La nne ni la mwisho wa Triasi, miaka milioni 201 iliyopita, volkano zilipofumuka mahali ambapo bara moja la Pangea lilikuwa linapasuka na Atlantiki kuanza kufunguka. La tano, la mwisho wa Kretasia, miaka milioni 66 iliyopita, ndilo lililowaondoa dinosaria.

Vianzio vinatofautiana: barafu, volkano, jiwe kutoka angani. Lakini ukishuka hadi kwenye mwili wa mnyama mmoja, sababu za kifo zinafanana sana. Amekosa hewa, amezidiwa na joto au baridi, maji yamekuwa makali kwa gamba lake, au chakula kimekatika.

Volkano za Siberia ziliwezaje kuua viumbe wa upande wa pili wa dunia?

Hili ndilo swali ninalopenda zaidi, kwa kuwa jibu lake linabeba karibu kila kitu.

Volkano zile, zilizoleta maangamizi ya mwisho wa Permi, hazikuwa mlima mmoja uliolipuka. Ardhi ya Siberia ilipasuka na kumwaga lava mara kwa mara kwa mamia ya maelfu ya miaka, juu ya eneo la mamilioni ya kilomita za mraba. Lava peke yake isingefika China wala Afrika Kusini. Tatizo lilikuwa chini: miamba iliyoyeyuka ilijipenyeza katika bonde la Tunguska, ndani ya matabaka ya makaa ya mawe, chumvi na chokaa. Makaa yakaungua, chokaa ikapikwa, chumvi ikatoa gesi. Kiasi kikubwa mno cha hewa ya ukaa na gesi nyingine kikapanda angani. Katika miamba ya kaskazini kabisa ya Kanada, ya wakati huohuo, zimepatikana chembe zinazofanana sana na majivu yanayotoka leo kwenye mitambo ya umeme inayotumia makaa ya mawe.

Kilichofuata ni mlolongo. Joto la dunia lilipanda, makadirio mengi yakitaja nyuzi 8 hadi 10 za Selsiasi. Maji ya joto hayashiki gesi vizuri, kama soda iliyoachwa juani inavyopoteza gesi yake, kwa hiyo bahari ikapungukiwa na oksijeni. Papo hapo, mnyama wa damu baridi akiwa kwenye maji ya joto mwili wake huchoma nguvu kwa kasi na kuhitaji oksijeni zaidi, si pungufu. Yaani mahitaji yanapanda wakati akiba inashuka. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2018 zilionyesha kwamba mambo haya mawili, joto na upungufu wa oksijeni, yanatosha kueleza zaidi ya nusu ya vifo vya baharini vya wakati ule.

Hewa ya ukaa iliyoyeyuka baharini nayo iliongeza asidi. Matumbawe, kombe na viumbe wengine wanaojenga magamba mazito ya chokaa wakapigwa vibaya kuliko wengine. Kwenye maji yasiyo na oksijeni, bakteria wanaotoa salfidi ya hidrojeni, gesi yenye sumu, wakastawi. Nchi kavu misitu ikafa. Mizizi iliyokuwa inashika udongo ikaondoka, na katika bonde la Karoo huko Afrika Kusini mashapo yanaonyesha mito iliyokuwa inapinda taratibu ikigeuka kuwa mikondo mingi iliyojaa mchanga. Wadudu nao walipata pigo ambalo hawajawahi kupata tena.

Na muda? Huko Meishan, China, ambako mpaka wa Permi na Triasi umepimwa kwa makini kuliko mahali pengine, pigo kuu lilichukua takriban miaka 60,000, labda pungufu. Kwa mwanadamu ni milele. Kwa mwamba ni upana wa viganja vichache.

Ni nani waliokwisha, na ni nani waliobaki?

Trilobaiti, wanyama wenye magamba magumu waliokuwa wameishi baharini karibu miaka milioni 270, walikwisha wakati huo, ingawa walikuwa wameshapungua sana. Makundi yote mawili ya matumbawe ya kale yalifutika. Matumbawe tunayoyaona leo Mafia, Pemba au Malindi ni ya kundi jingine, ambalo visukuku vyake huanza kuonekana miaka mingi baada ya janga. Kwa ujumla hukadiriwa kwamba zaidi ya asilimia 80 ya spishi za baharini zilipotea, na makadirio mengine hupita 90.

Nchi kavu alibaki Lystrosaurus, mnyama mfupi mnene mwenye mdomo kama wa kobe na pembe mbili za taya, ambaye visukuku vyake vimejaa Afrika Kusini, India, Antaktiki, China na Urusi. Kwa muda fulani alikuwa karibu kila mahali, na hilo halikuwa dalili ya afya. Mfumo wenye mnyama mmoja kila kona ni mfumo uliopoteza wenzake.

Tanzania ina ukurasa wake hapa. Bonde la mto Ruhuhu, kusini magharibi, lina miamba ya Permi yenye mabaki ya wanyama walioishi kabla ya janga, na juu yake miamba ya Manda ya Triasi ya kati, yenye wanyama waliokuja baada yake. Hawafanani. Katika miamba ya Manda alipatikana Asilisaurus kongwe, aliyepewa jina mwaka 2010, mmoja wa ndugu wa karibu wa dinosaria wa mwanzo. Nafasi waliyoikalia ndugu zake ilifunguliwa na vifo vya wengine.

Dinosaria si waliuawa na jiwe? Hapo mazingira yanaingiaje?

Yanaingia mara tu baada ya jiwe. Asteroidi ya upana wa kama kilomita 10 ilianguka Chicxulub, Mexico, ikachimba shimo la kipenyo cha karibu kilomita 180. Dalili ya kwanza ilitangazwa mwaka 1980 na Luis Alvarez, mwanawe Walter na wenzao wawili, walipokuta tabaka jembamba lenye iridi nyingi huko Gubbio, Italia. Iridi ni metali adimu ardhini lakini ipo zaidi kwenye mawe ya angani. Waliokuwa karibu walikufa kwa mshtuko, moto na mawimbi. Lakini dinosaria walikuwa kila bara, na mlipuko mmoja hauui mnyama aliye umbali wa maelfu ya kilomita.

Kilichomfikia ni giza. Mahali jiwe lilipoangukia palikuwa na miamba yenye salfa nyingi. Salfa hiyo, vumbi na masizi vilipanda juu vikazuia jua. Mimea ikashindwa kutengeneza chakula, joto likashuka ghafla, na mnyororo wa chakula ukakatika kuanzia chini. Nchi kavu, karibu kila mnyama mwenye uzito wa zaidi ya kilo 25 alikwisha. Waliosalimika walikuwa wadogo, walioweza kula mbegu, wadudu au mizoga, au kujificha majini na ardhini. Ndege ni wazao wa dinosaria waliovuka.

Volkano za Deccan nchini India nazo zilikuwa zinatoa lava kipindi hicho, na wataalamu bado wanabishana zilichangia kiasi gani. Kwangu uzito wa ushahidi uko kwenye jiwe.

Dunia imewahi kubadilika sana bila maangamizi?

Imewahi, tena mara nyingi, na hapa ndipo kasi inapoonyesha uzito wake. Katika miaka milioni mbili na nusu iliyopita barafu imetanda na kurudi nyuma mara nyingi sana, bahari ikipanda na kushuka zaidi ya mita 100. Unguja ilikuwa imeungana na bara. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya muda huo, spishi zilihama, zikajibana kwenye maeneo ya kujihifadhi, zikarudi.

Miaka milioni 56 iliyopita joto lilipanda nyuzi 5 au zaidi ndani ya miaka elfu kadhaa. Foraminifera wa sakafu ya bahari kuu walipata hasara kubwa, lakini nchi kavu wanyama wengi walisambaa kuliko kufa. Udongo wa kusini mwa Tanzania una alama ya kipindi hicho: mashapo mengi zaidi yaliyosombwa na maji kutoka nchi kavu. Kipindi hicho ndicho kinachotajwa sana na wanaosema joto la leo halina neno. Wanasahau kwamba hewa ya ukaa wakati ule iliingia angani kwa mwendo mdogo kuliko wa leo, na kwamba wanyama wa wakati ule hawakukuta njiani mashamba, barabara kuu na miji.

Kwa nini viumbe visihame tu, au vibadilike?

Vingi vinajaribu. Katika milima ya Usambara, watafiti waliorudia hesabu za ndege baada ya karibu miaka 40 walikuta spishi kadhaa zimesogea juu mlimani. Shida ni kwamba mlima una kilele, na kadiri unavyopanda eneo linapungua. Usambara, Uluguru, Udzungwa na ndugu zao wa Tao la Mashariki wana spishi zisizopatikana popote pengine kwa sababu unyevu wa Bahari ya Hindi uliiweka misitu yake katika hali shwari kwa muda mrefu mno. Utulivu huohuo uliowalea ndio unaowafanya wawe dhaifu sasa: ndege wa msitu wa juu Uluguru hana desturi ya kuvuka kilomita 50 za mashamba kutafuta mlima mwingine.

Kubadilika kimaumbile kunategemea vizazi. Mdudu anayezaa kila mwezi ana nafasi. Mti unaochukua miaka 60 kukomaa, au tembo anayebeba mimba miezi 22, hana.

Ziwa Victoria linahusianaje na habari hii?

Kwa karibu sana. Takriban miaka 15,000 iliyopita ziwa lile lilikuwa limekauka. Maji yaliporudi, samaki wachache waliotangulia walizaa jamii ya furu, wanaokadiriwa kufikia spishi 500. Kuna waliokula mwani, waliovunja konokono, waliokwangua magamba ya wenzao, walionyonya mayai na vitoto kutoka midomoni mwa mama zao. Kwa mtu wa sayansi ni mojawapo ya maajabu makubwa ya uumbaji wa spishi mpya duniani. Kwa mama wa Mwanza au Kisumu wa miaka ya 1960 ilikuwa kitoweo cha kila siku, samaki mdogo mwenye miba mingi.

Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 sangara, anayeitwa mbuta Kenya na mputa Uganda, aliletwa ziwani. Alikaa kimya miaka kama ishirini, kisha miaka ya 1980 akalipuka. Furu, waliokuwa karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki wa ziwa, wakapukutika, na hukadiriwa kwamba spishi zipatazo 200 huenda zilipotea.

Kumlaumu sangara peke yake ni kukosea hesabu. Wakati huohuo misitu ya kando ya ziwa ilikatwa, mbolea na udongo vikasombwa na mvua, maji taka ya miji yakaingia. Mwani ukazidi. Ulipokufa na kuoza, ukamaliza oksijeni ya kina kirefu, na samaki waliokuwa wakijificha huko wakakosa pa kukimbilia. Maji yalipokuwa machafu jambo jingine likatokea, ambalo mimi nalifikiria mara kwa mara. Jike wa furu humchagua dume kwa rangi: wa spishi hii anataka mwekundu, wa spishi ile anataka wa samawati. Katika maji ya ukungu rangi hazionekani. Majike wakaanza kupandwa na madume wa spishi nyingine, na spishi mbili zikawa moja. Hakuna aliyeliwa hapo, hakuna aliyekosa hewa, lakini spishi imekwisha.

Kuna waliorejea. Uvuvi ulipompunguza sangara, baadhi ya furu waliongezeka tena kuanzia miaka ya 1990, na wengine wamekuja na matamvua makubwa zaidi, yanayofaa maji yenye oksijeni kidogo. Kubadilika kwa haraka kunawezekana kwa samaki anayezaa mapema. Lakini walorejea ni wachache kuliko waliokwenda.

Na matumbawe ya pwani yetu?

Matumbawe huishi na mwani mdogo sana ndani ya mwili wake, unaompa chakula na rangi. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi kwa nyuzi moja tu kwa wiki kadhaa, humtapika mwani huyo na kubaki meupe. Asiporudiwa naye mapema hufa njaa. Mwaka 1998 joto la El Niño lilipiga Bahari ya Hindi ya magharibi, na sehemu nyingi za Kenya, Tanzania na Shelisheli zikageuka nyeupe. Visiwa vya ndani vya Shelisheli vilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai. Joto kama hilo limerudi mwaka 2016, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba matumbawe duniani kote yamo katika tukio la nne la kupauka.

Matumbawe hupona yakipewa kama miaka kumi au kumi na tano ya utulivu. Nafasi kati ya pigo na pigo imeanza kuwa fupi kuliko hapo. Halafu kuna asidi: tangu viwanda vianze, asidi ya maji ya juu ya bahari imeongezeka kwa karibu asilimia 30. Joto, oksijeni, asidi. Ni orodha ileile ya mwisho wa Permi.

Basi tumo katika maangamizi ya sita?

Ukihesabu waliokwisha tayari, hapana, bado. Spishi za mamalia zilizothibitishwa kutoweka tangu mwaka 1500 ni chini ya asilimia 2 ya zote. Yale matano yalivuka asilimia 70.

Ukihesabu mwendo, picha ni nyingine. Kwa wanyama wenye uti wa mgongo, kiwango cha kutoweka cha karne iliyopita kinazidi cha kawaida mara kumi hadi mara mia. Ripoti ya jopo la kimataifa la bioanuwai, IPBES, ya mwaka 2019 ilikadiria kwamba spishi kama milioni moja ziko hatarini, nyingi ndani ya miongo michache. Kati ya vyura na jamaa zao, karibu asilimia 41 ya spishi wamo hatarini. Wote walio hatarini wakiachwa wafe na mwendo ukaendelea, tutafikia robo tatu katika karne chache, si katika maelfu ya karne.

Sababu kubwa leo, hasa nchi kavu, bado ni kukatwa kwa makazi, uwindaji na spishi ngeni. Joto linazidi kupanda juu ya hayo. Kabla ya viwanda, hewa ya ukaa angani ilikuwa kama sehemu 280 kwa milioni. Sasa imepita 420. Ukigawa joto la Permi kwa muda wake unapata wastani wa nyuzi moja kwa maelfu ya miaka. Sisi tumepandisha zaidi ya nyuzi moja ndani ya miaka 150. Ulinganisho huo una mipaka, maana miamba hulainisha vipindi vifupi vya kasi vilivyomo ndani ya wastani, lakini hata makadirio ya juu ya kasi ya utoaji wa kaboni ya wakati ule hayafiki kasi ya leo.

Spishi ikitangazwa imekwisha, inaweza kupatikana tena?

Mara chache sana. Silikanti, samaki wa kale, alidhaniwa alikwisha pamoja na dinosaria, hadi mwaka 1938 alipovuliwa mmoja Afrika Kusini. Baadaye ikajulikana kuwa wavuvi wa Komoro walimfahamu siku zote, na Tanga nako ananaswa kwenye nyavu. Anaishi kwenye maji ya kina na baridi, mahali ambapo mabadiliko huchelewa kufika. Usimtumie kama sababu ya kutumaini kwamba wengine wote wamejificha.

Watu husema dunia imepona mara tano, itapona tena. Ni kweli?

Dunia, ndiyo. Baada ya Permi, makaa ya mawe hayakutengenezwa popote kwa karibu miaka milioni 10 kwa sababu hapakuwa na misitu mizito ya kinamasi, na miamba mikubwa ya matumbawe ilichukua mamilioni ya miaka kujengwa upya. Waliorudi hawakuwa waliokwenda. Binadamu wa sasa ana umri wa takriban miaka 300,000 hivi. Anayetoa jibu hili anazungumzia muda ambao hauna mtu ndani yake.

Je, spishi imewahi kurudishwa baada ya mazingira yake kuharibiwa?

Mfano bora kwa Afrika Mashariki ni chura wa Kihansi. Ni chura wa njano asiyefika sentimita tatu, anayezaa watoto hai badala ya mayai, na makazi yake yote duniani yalikuwa eneo la hekta chache lililolowanishwa na manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Aligunduliwa mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa megawati 180 ulikuwa tayari unajengwa. Bwawa lilipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika, na majani yaliyokuwa yanadondosha maji mwaka mzima yakakauka.

Yaliwekwa mabomba ya kunyunyizia maji. Mwaka 2003 vyura walifikia karibu 20,000, kisha ndani ya miezi michache wakapukutika. Kuvu anayeua vyura duniani kote alikutwa hapo. Hii ndiyo sura ya kweli ya kutoweka: makazi yalipungua kwanza, kundi likawa dogo na la mahali pamoja, na ugonjwa ukamalizia. Mwaka 2009 chura huyu alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Alinusurika kwa sababu mwaka 2000 vyura kama 500 walikuwa wamepelekwa Marekani, wakazalishwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Wengine walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wa kwanza wakaachiwa korongoni. Kuvu bado yupo, mabomba lazima yaendelee kufanya kazi, na kundi linahitaji kuongezewa mara kwa mara kutoka vizimbani. Yote hayo kwa ajili ya chura mmoja wa korongo moja, ambaye tulibahatika kumjua miaka michache kabla maji hayajakatwa.